Jiko la Kufumba Macho

Nilitengeneza makabati ya jikoni ya nusu ya watu wenye uwezo hapa Sumbawanga kabla sijatengeneza ya kwetu. Mganga hajigangi, na seremala ndiye hasa. Mke wangu alikuwa akipanga vyombo vyake ndani ya makreti ya soda na juu ya meza iliyolegea mguu, na kila mteja alipokuja karakanani kusifu kazi yangu, yeye alikohoa kidogo. Kikohozi kile nilikielewa vizuri sana.

Basi tulipomaliza nyumba yetu ya mtaa wa Mazwi niliapa kwamba jiko litakuwa la kuonyeshea watu. Nilitumia mninga mtupu. Makabati ya juu na ya chini yalijaa ukuta mzima, milango kumi na minne yote sawasawa, haina kishikio hata kimoja. Unausukuma mlango kwa kidole, unafunguka wenyewe. Niliona mtindo huo kwenye simu nikajifunza kwa kuharibu mbao. Siku niliyomaliza kupiga msasa, nilimshika mke wangu mkono nikaupitisha juu ya ile milango kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho.

"Unasikia?" nikamuuliza. "Hujui umetoka mlango upi na umeingia upi."

Nilijivunia hilo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na leo nikilikumbuka huwa naangalia pembeni.

Wakati huo mama yangu alikuwa bado kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki, peke yake tangu baba alipofariki. Macho yalikuwa yanamwacha. Daktari alisema si mtoto wa jicho ambaye angetolewa. Ni presha ya macho, na nuru iliyokwenda imekwenda; dawa ni ya kulinda iliyobaki tu. Alikuwa bado anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Nilimwomba aje kukaa kwetu, akakataa mara tatu. Mara ya nne alikubali, lakini kwa sharti.

"Nitakuja," alisema, "ila siji kulishwa. Siku nitakayokaa kwenye kiti nikisubiri sahani, ujue mmeshanizika. Ikifika hapo nirudishe kwangu."

"Mama, jiko lilivyo zuri, mwenyewe hutataka kutoka."

"Zuri nitalionea wapi? Niambie kama naweza kulipikia."

Nikamwambia ataweza. Nilisema haraka haraka, kama ninavyowaambia wateja kwamba kazi itakamilika Ijumaa.

Nilikwenda kumhamisha mwezi wa saba, upepo wa huku kwetu ukiwa unakata masikio. Mama alikuwa amekaa nje juani, kitenge begani, rozari mkononi. Mimi niliingia katika jiko lake kupunguza vitu. Lilikuwa kijumba cha matofali na nyasi, pembeni ya nyumba, na ndani kila kitu kilikuwa cheusi. Masizi yalining'inia darini hadi yakanigusa kichwa. Kulikuwa na vyungu vya kila umri, vibuyu vyenye nyufa, makopo yaliyotobolewa. Karibu kila kimoja kilikuwa na kamba shingoni iliyopigwa mafundo, au gunzi la mahindi limechomekwa mdomoni, au kitambaa kimefungwa mkononi mwake. Uchafu juu ya uchafu, nikasema moyoni. Nilichimba shimo dogo nyuma ya migomba nikaanza kutupa.

Kitu cha kwanza kilipogonga chini, mama alisema kutoka pale alipokaa: "Hicho ni cha magadi."

Nikatupa kingine.

"Kibuyu cha mbegu za maboga. Kina ufa, lakini hakimwagi."

Nikatupa cha tatu, cha nne. "Mtungi wa mafuta. Kile kikopo cha kupimia ulezi." Hakugeuza kichwa wala hakuacha rozari yake. Nilipofika kwenye kifuniko kimoja kidogo nikajaribu kumpima. Nikainama nikakilaza shimoni polepole, kama mtu anayelaza yai.

"Kifuniko cha chungu cha maharage," mama akasema. "Mbona unakitupa kwa kunyata? Unakionea aibu?"

Nilisimama pale mkono hewani, na kwa muda mfupi nywele za shingoni zilinisisimka. Kisha nikasema ni mazoea tu ya mtu mzee na vitu vyake, nikaendelea. Wenyewe husema jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi. Siku ile nilikuwa mwenyeji kamili, nilitupa vyote bila kuuliza. Kigoda, mtungi wa maji na kata niliviacha palepale; vilivyobaki vyenye maana, sufuria tatu na mwiko, viliingia ndani ya gunia moja likabaki na nafasi.

"Haya," mama alisema nilipomfungia mizigo kwenye pikipiki. "Wewe ndiye fundi."

Kwa ajili yake nilikuwa nimenunua makopo ishirini ya plastiki meupe, ya ukubwa mmoja, yenye vifuniko vya aina moja. Niliyapanga kwenye rafu kama askari gwarideni, na kila moja nikalibandika karatasi yenye maandishi: CHUMVI, SUKARI, MAGADI, UNGA WA ULEZI. Nikamwekea mama na sheria pia. Asitie mkono ndani ya kopo, atumie kijiko, kwa kuwa sasa tuko mjini na mke wangu hupokea wageni. Nashangaa hakunipiga.

Wiki ile ya kwanza nilimwona mama yangu akipotea ndani ya chumba cha hatua tano. Alisimama mbele ya milango yangu laini akipapasa, kiganja kikienda mbele na kurudi, kikitafuta mahali pa kushika. Akisukuma mmoja, wa jirani yake ndio uliofunguka. Mara mbili aligonga paji la uso kwenye mlango alioufungua mwenyewe akausahau. Gesi haikumpendeza. "Inapika, lakini haiotwi," alisema, akijikunyata na kitenge chake karibu na jiko lililowaka bila kumpa joto. Hakulalamika zaidi. Aliuliza tu, siku nzima, kwa sauti iliyozidi kupungua: chumvi iko wapi, mwiko uko wapi. Nami nilijibu kwa ufundi: kabati la tatu kutoka dirishani, rafu ya juu, kopo la pili.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya kwa sala ya asubuhi. Mama alisema uji wa ulezi ataupika yeye. Hakuna aliyembishia. Mke wangu alikuwa amewahi stendi kupokea mzigo wake wa dagaa kutoka Kipili, na mimi nilikuwa nimeamka mapema kufuta rafu ili wageni waone kazi. Nilitoa makopo, nikafuta, nikarudisha. Sikujali lipi lilikaa wapi. Kwangu yalikuwa yameandikwa, kwa hiyo mahali palikuwa na kazi gani?

Uji ulinukia vizuri. Watu kumi na wawili walipokea vikombe, mama akimpa kila mmoja kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa uso niliouzoea tangu utoto, wa mtu anayewalisha watu. Wakanywa. Mzee mmoja alikitazama kikombe chake kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Bibi jirani yetu, mama wa watu mwenye adabu za zamani, alifumba macho akanywa hadi mwisho, akasema, "Ahsante, mama, Mungu akuzidishie." Ndipo mama akanywa cha kwake.

Alikuwa ametia vijiko saba vya chumvi.

Hata sasa natamani ningenyamaza. Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni, aibu imenipanda kichwani, nikalichukua lile kopo la chumvi nikalishika mbele ya uso wake.

"Mama, si nimeandika? Tazama! Nimeandika kwa herufi kubwa!"

Mama aligeuza uso upande ilikotoka sauti. Macho yake yaliangalia mahali kidogo pembeni ya kopo.

"Umeandika vizuri, baba," alisema. Akatafuta ukingo wa meza, akaufuata hadi kwenye kiti, akakaa. Baada ya muda akaongeza, "Kesho unirudishe kwangu. Tulikubaliana."

Mke wangu aliporudi na kusikia habari ile hakukohoa. Aliniangalia tu, akaenda kukaa karibu na mama. Mimi nilijua kinachomsubiri mama kule: nyumba tupu, moto wa wazi, na macho yanayozimika. Niliona wazi kwamba nimemtoa kwake ili nimtunze, na sasa ninamrudisha akiwa na hali mbaya zaidi.

Jumapili baada ya misa tulipanda pikipiki. Njia nzima alinishika kiunoni, gunia la sufuria limefungwa nyuma yake, na vumbi jekundu likatupaka wote wawili. Tulipofika alishuka, akanyoosha mgongo, akauliza mlango wa jiko nimeufunga au nimeuacha wazi. Kisha akaniachia mkono.

Nitasimulia nilichokiona kama kilivyotokea, maana hadi leo kinanipa baridi. Mama yangu, aliyepapasa kwangu wiki nzima kama kifaranga aliyemwagiwa maji, aliingia katika kile kiza cha masizi akiwa mtu mwingine. Hakunyoosha mikono mbele. Aliinamisha kichwa mahali hasa palipokuwa na boriti fupi. Akapiga hatua mbili, akashusha mkono, na kigoda kilikuwa chini ya mkono huo. Akakaa. Mkono wa kulia ukaenda kwenye tundu la ukuta ukatoka na kiberiti. Wa kushoto ukachukua kuni nyembamba, kisha nene. Moto ulishika kati ya mafiga matatu kabla sijamaliza kuvua koti. Akainjika sufuria niliyomwekea miguuni kutoka kwenye gunia, akageukia mtungi wa maji, kata ikawa mkononi mwake, na maji aliyomimina yalikuwa ya vikombe viwili kamili. Hakuna kitu alichokitafuta. Mkono ulipokwenda, kitu kilikuwepo.

Mimi ni mtu wa mikono. Nimewaona mafundi wakubwa, niliojifunza kwao, na kazi ya namna ile sijaiona tena. Nilijibanza kwenye mwimo wa mlango nikijisikia mdogo.

Kisha mkono wake wa kulia ukapanda juu, karibu na bega, kwenye kijiti kilichochomekwa ukutani, ukafumba. Ulifumba juu ya hewa. Akaufungua, akaufumba tena.

"Palikuwa na chumvi hapa," alisema.

Nikatoka nje. Nilikwenda nyuma ya migomba nikaingia shimoni kwa magoti. Mungu alisaidia, masika yalikuwa mbali na majivu niliyomwagia juu yalikuwa makavu. Nilitoa kimoja kimoja nikakipangusa kwa shati langu la misa, kibuyu, mtungi, kopo, kifuniko, hata zile kamba na magunzi. Viwili vilikuwa vimevunjika, na nilivililia kama mtoto. Nikavileta ndani pamoja na mwiko wake nikampa. Yeye alikipokea kila kimoja, akapitisha kidole shingoni, akakirudisha mahali pake.

"Fundo moja, chumvi," alisema. "Mafundo mawili, magadi. Gunzi ni ulezi, kwa sababu gunzi hupumua na ulezi hauvundi. Kitambaa ni kitu cha moto, ukikishika bila kitambaa utaungua. Hiki hakina kitu shingoni, ni sukari, sukari hata mtoto anaijua."

"Na huu mwiba?" Nilikuwa nimeona tawi la miiba limechomekwa ukutani mbele ya kopo moja, juu kabisa. Nilipokuwa nikisafisha lilinichoma nikalilaani, nikaliacha hapo na kopo lake.

"Hapo ni dawa ya wadudu wa mahindi. Mkono ukipotea njia, mwiba unaukataza."

Tepu yangu haitoki kiunoni hata kanisani. Niliivuta nikaanza kupima, sijui hata kwa nini, labda kwa kuwa sijui kusali vizuri. Kutoka begani mwake akiwa amekaa hadi kwenye chumvi, sentimita sitini na mbili. Hadi magadi, sitini na mbili. Hadi mwiko, kata, kiberiti: sitini na mbili, sitini na mbili, sitini na tatu. Vya kila siku vyote vilikuwa kwenye mviringo mmoja kumzunguka, urefu wa mkono wake. Vya mara moja kwa wiki vilikuwa kwenye mviringo wa pili, wa kujiinamisha. Vya sherehe na vya mbegu, wa tatu, wa kusimama. Vitu vya maji upande wa kushoto, vya moto kulia, visikutane. Hakuwahi kushika tepu maishani mwake. Nilikaa chini kwenye majivu na suruali yangu nzuri.

"Mama, ulijuaje kwamba macho yatakuja kukuacha? Hivi vyote ulivipanga lini?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu nimhamishe.

"Macho? Nani alikuwa anaona humu? Wewe umekula chakula cha jiko hili miaka ishirini, hukuona moshi? Mwezi wa pili kuni zimelowa, unaingia humu machozi yanatiririka, unapika umefumba macho mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilipopewa jiko hili, mama yangu hakuniuliza kama najua kusonga ugali. Alikaa pale ulipokaa. Akaniambia, fumba macho, nipe chumvi. Nikampa magadi. Akaniambia, bado huna jiko, una chumba cha vyombo. Nilipanga na kupangua mpaka siku nilipompa chumvi. Naye alifanyiwa hivyo na mama yake."

Maji yalikuwa yakichemka. Nilifikiria karakana yangu, jinsi ninavyonyoosha mkono nyuma bila kugeuka nikashika patasi ninayoitaka, na jinsi ninavyomfokea yeyote anayeihamisha. Nilikuwa nimeelewa jambo hili maisha yangu yote, kwa patasi tu. Nililelewa ndani ya kazi ya fundi mkubwa kuliko mimi, nikaichimbia shimo.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Nikishindwa, nitakurudisha hapa na kuni nitakuletea mwenyewe."

"Wewe hushindwi kuomba," alisema. Lakini jioni ile alirudi nami, kigoda na vyombo vyake vikiwa ndani ya gunia, na kibuyu cha chumvi alikibeba mwenyewe, kifuani.

Niling'oa milango yote ya juu. Mke wangu alishika upande wa pili wa kila mlango. Mama aliketi kwenye kigoda chake katikati ya chumba, kisha akasimama, kwa kuwa jikoni kwetu mjini mtu hupikia wima, na tukaanza upya kutoka begani kwake. Tepu niliiweka mfukoni. Alinyoosha mkono nami nikapiga alama ya penseli ulipoishia. Kila droo ya chini ilipata kishikio chake nilichokichonga, hakuna viwili vinavyofanana: cha vijiko kirefu, cha visu chenye meno yanayouma kidogo, cha unga cha mviringo kama gunzi. Makopo meupe aliyachukua mke wangu akawekea dagaa dukani kwake. Vibuyu na masizi yake vikakaa juu ya mninga wangu, mafundo shingoni. Karibu na mlango wa nyuma nikamjengea mahali pa jiko la mkaa, aote apendavyo.

Halafu akanipa mtihani. "Fumba macho," alisema. "Nipe ulezi." Nikampa maharage. Nilipangua. Mke wangu naye alifumba macho akampa mafuta badala ya maji, tukacheka mpaka tukakaa sakafuni. Ilichukua siku tisa kabla mama hajasema, "Sasa mna jiko."

Mteja mmoja alikuja kuangalia mfano wa kazi yangu akasimama mlangoni akashangaa. "Fundi, jiko lako limepatwa na nini?" Nilimtazama mke wangu. Hakukohoa.

Zamu ya jumuiya ilipotufikia tena, mama alipika uji wa ulezi. Yule bibi jirani alipokea kikombe akajipa moyo, akafumba macho kama mara ya kwanza, akanywa. Kisha akafumbua macho, akaomba cha pili.

Hayo yalikuwa kabla ya mvua. Mvua zilipoanza, Alhamisi moja asubuhi, nilikuwa nimekaa jikoni nakunywa chai kabla ya kwenda karakanani. Nje mawingu yalikuwa yametanda, na umeme ulikuwa umekatika. Nikasema kwa mazoea, "Mama, leo dirisha lina giza kweli."

"Ni hivyo?" alisema, akinimiminia chai. "Mimi sijui. Dirisha silioni tena."

Niliweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Nilihesabu siku zile moja moja. Jumapili tulikula wali na maharage. Jumatatu alisonga ugali. Jumanne alimfundisha mke wangu kukaanga samaki wa migebuka bila kuwavunja. Asubuhi zote hizo alitutengenezea chai, na sukari ilikuwa sawasawa.